Huyu bwana wa kaunta ameniambia "baruti ni baruti tu" mbele ya watu, na mimi sitanyamaza

Mwindaji_wa_Brazos:

Ndugu zangu, salaam. Nimetoka duka la bunduki na baruti sasa hivi, bado nimo garini, na mikono inanitetemeka kwa hasira. Sitamtaja jina, kwa kuwa kila Mswahili wa Texas anayejaza risasi zake mwenyewe ameshasimama mbele ya kaunta ile, ameshamwona akiegemea rafu ya makopo huku ameshika kikombe chake cha kahawa, na ameshauziwa kitu ambacho hakukihitaji.

Hali mnaijua. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Bunduki yangu ni ya risasi aina ya .308 Winchester, kwa miaka sita haijaonja baruti nyingine isipokuwa Varget, na kopo langu la mwisho limebakiwa na baruti ya kujaza maganda kumi na moja. Nimezunguka maduka manne tangu Agosti. Najua kwamba Varget inatengenezwa Mulwala, kule Australia, na kwamba inavuka bahari nzima kabla ya kutufikia, kwa hiyo sikwenda kudai miujiza. Nilikwenda na daftari langu, ambalo lina kila kipimo nilichowahi kutumia, tarehe yake, joto la siku hiyo na mahali risasi ilipopiga, nikamwuliza kwa adabu zote: "Kaka, kama Varget haipo, una baruti gani inayoikaribia, ambayo kitabu cha kujaza risasi kimeitolea vipimo kwa kichwa cha risasi cha uzito wa greni 168?"

Akanitazama kuanzia viatuni kupanda juu. Akachomoa kopo la IMR 4198, akalisukuma juu ya kioo cha kaunta, likateleza lote mpaka likaligonga daftari langu, kisha akasema kwa sauti ya mnadani: "Chukua hii, weka kipimo kilekile. Baruti ni baruti tu."

Baruti ni baruti tu!

Ndugu zangu, IMR 4198 ni baruti nzuri, lakini inaungua upesi kuliko Varget kwa mbali, na mahali pake hasa ni katika maganda madogo kama ya .222 Remington. Ukiijaza katika ganda la .308 kwa uzito uleule wa Varget, shinikizo litaruka mbali kupita pauni 62,000 kwa inchi ya mraba ambazo SAAMI, chombo kinachoweka viwango vya risasi hapa Marekani, imeziweka kuwa kikomo cha risasi hiyo, na komeo la bunduki litakurudia usoni. Ni sawa na kumwambia mpishi wa pilau kwamba pilipili manga na pilipili kichaa zote ni pilipili, hivyo atie vijiko vilevile. Tofauti ni kwamba pilau ikiharibika unakunywa maji na unabaki na macho yako mawili.

Nilipomwambia hivyo, kwa sauti ya chini, ndipo akafanya lile ambalo mpaka sasa limenikaa kooni. Alilinyanyua daftari langu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akasema: "Huko kijijini kwenu mlikuwa mnashindilia gobore kwa baruti ya kienyeji na vipande vya nondo. Leo umekuwa mtu wa kuchagua?" Kisha, kana kwamba haikutosha, akawatafsiria wateja wote kwa Kiingereza. Walicheka mpaka nadhani kulungu wa Oklahoma walikurupuka. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani aligeukia ukutani ili nisimwone, lakini mabega yake niliyaona yakitikisika.

Sasa nisemeje? Babu yangu, kule Urambo, kweli alikuwa na gobore. Baruti yake aliipima kwa kifuniko cha pembe, kifuniko kilekile kimoja, miaka yote niliyomfahamu. Alikuwa akikijaza, anakipangusa juu kwa kidole gumba, anakitazama kwenye mwanga, halafu ndipo anamimina. Siku moja kifuniko kilipopotea hakuwinda kabisa, mpaka shangazi alipokiona chini ya kinu. Yule mzee hakusoma hata darasa moja, na hakuwahi hata siku moja kusema kwamba baruti ni baruti tu.

Ninalisikia kopo lile likiteleza hata sasa. Kuna mwingine aliyetendewa hivi na huyu bwana?

Fundi_Mizani:

Mkuu, pole sana, na wala hukuonewa peke yako. Miaka miwili iliyopita nilimwomba H4831 kwa ajili ya .270 Winchester, akanipa IMR 4831, akaniambia kwamba herufi ni mapambo tu, kinachofuatwa ni namba. Kwa wasiojua, H4831 ilianza kuuzwa na kampuni ya Hodgdon kutokana na baruti ya ziada ya mizinga ya milimita 20 baada ya Vita Kuu ya Pili, na IMR 4831 ilikuja baadaye kabisa, nayo inaungua upesi kidogo kuliko ile. Mtu aliyechukua kipimo cha juu cha H4831 akakitumia kujaza IMR 4831 amejitafutia msiba nyumbani kwake. Mimi niliokolewa na mke wangu, ambaye alisoma kopo kwa sauti na kuniuliza kwa nini kitabu kimeandika kitu kingine. Nilirudi dukani siku ya pili, na yule bwana akaniambia kwamba kopo likishatoka mlangoni halirudi. Mpaka leo lipo juu ya kabati, nalitazama kila asubuhi.

Mzee_wa_Katy:

Vijana, mnapiga kelele nyingi. Wewe Mwindaji bado unatafuta Varget wiki moja kabla ya msimu, jambo ambalo ni sawa na kwenda kununua mbuzi saa nne asubuhi siku ya Idi, halafu unashangaa kwamba zizi ni tupu. Zaidi ya hapo, ulikwenda kumwuliza muuzaji jambo ambalo jibu lake limo kwenye kitabu ulichonacho nyumbani. Kwa .308 na kichwa cha greni 168, vitabu vimetoa vipimo vya IMR 4064, IMR 4895, H4895, Reloder 15 na N140 ya Vihtavuori kutoka Finland, na hizo zote ni majirani wa Varget. Unachagua ile inayopatikana, unasahau kabisa kipimo cha Varget, unaanzia kipimo cha chini kilichoandikwa kwa baruti hiyohiyo, na unapanda taratibu ukikagua fataki, yaani kile kiwashio kidogo cha baruti, na kitako cha ganda kila baada ya mlio. Miaka sita na baruti moja si sifa. Ni uvivu wa kujifunza nyingine.

Mwindaji_wa_Brazos:

Shikamoo mzee. Majina hayo ninayajua, na mengine yamo ndani ya daftari hilohilo alilolinyanyua kwa vidole viwili. Sikwenda kufundishwa, nilikwenda kuuliza ni ipi kati ya hizo iliyopo rafuni, na jibu nililopewa ni kopo likiteleza juu ya kioo na maneno "weka kipimo kilekile". Angekuja kijana aliyeanza kujaza risasi jana, akamwamini, leo tungekuwa hospitalini na si hapa. Hilo ndilo linaloniuma, pamoja na kicheko.

Mzee_wa_Katy:

Marahaba. Kicheko hakitoboi ngozi. Ila kwenye suala la kipimo kilekile nakuunga mkono, hapo yule bwana amekosa na anastahili kuambiwa usoni.

Mama_Amani:

Mimi ninawasikiliza tu wanaume mnavyolilia Varget, kana kwamba ndiyo baruti pekee iliyopotea. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, mwembamba, na bunduki ya .308 yenye risasi kamili inampiga bega mpaka anafumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Dawa yake ni H4895, kwa sababu Hodgdon wenyewe wameandika kwamba mtu anaweza kuchukua kipimo cha juu cha H4895 kwa ganda lililomo katika orodha yao, akatumia asilimia 60 tu ya kipimo hicho, na hapo akapata mahali salama pa kuanzia risasi isiyopiga bega sana. Si baruti yoyote inayokubali jambo hilo, na zile zinazoungua polepole zikipunguzwa kupita kiasi zina hatari yake pia. Sasa H4895 nayo inatoka kulekule Australia, nayo imetoweka. Nimeandikisha jina langu katika maduka matatu. Katika duka la huyo bwana mnayemsema, aliliandika jina langu nyuma ya risiti ya kahawa, na nilipogeuka kuondoka nikamwona akiitupa. Kwa hiyo, kaka Mwindaji, wewe angalau ulitazamwa na kutukanwa. Mimi sikuhesabiwa hata kuwa mteja.

Mswahili_wa_Perth:

Habari za huko. Varget yenu sisi huku Australia tunaiita AR2208, ni baruti ileile ya kiwanda kilekile, na H4895 anayoitafuta dada ndiyo AR2206H. Jana nimenunua makopo mawili ya AR2208 bila foleni yoyote.

Fundi_Mizani:

Ndugu wa Perth, umekuja kuwasimulia watu wenye njaa kuhusu biriani uliyokula jana. Tunakuomba upumzike kidogo.

Mwindaji_wa_Brazos:

Naomba turudi kwenye mada. Alilinyanyua daftari langu mbele ya watu sita. Sita! Na akatafsiri.

Kulwa_Dallas:

Mkuu, tatizo kubwa si huyo bwana, tatizo ni nitroselulosi. Baruti zote hizi msingi wake ni huo, na tangu vita ya Ukraine ipambe moto, mizinga inaimeza kuliko sisi wawindaji. Mwaka 2024 kampuni ya Alliant Powder ilisimamisha kwa muda kupeleka baruti madukani kwa sababu ya upungufu huohuo, na tangu hapo ukiona kopo la Reloder 16 yao mahali popote unalishika kwanza, bei unaitazama baadaye. Mimi nilihamia kwenye baruti za chembe za mviringo, ambazo nyingi hutengenezwa hapahapa Marekani, St. Marks, Florida. Nilichukua Winchester 748, inapita kwenye kipimio kama maji, na kipimo hakikosei hata kidogo. Kasoro yake ni joto. Kipimo nilichokitengeneza Februari kulipokuwa na baridi, nilipokipiga Julai saa nane mchana, kiliniachia komeo gumu, ikabidi nilifungue kwa kiganja. Mtu anayehamia huko kutoka Varget, ambayo joto haliibabaishi sana, ajue kwamba analo jambo jipya la kujifunza, na asiziache risasi juu ya dashibodi ya gari.

Fundi_Mizani:

Hilo la komeo gumu limenikuta mimi pia. Ila mkuu Kulwa, umesahau kutaja ada ya mzigo wa hatari. Niliagiza kopo moja kwa njia ya mtandao, na ada hiyo pamoja na usafiri vikanipandishia bei hadi nikawa najaza risasi kama mtu anayepima dhahabu. Kopo la pauni moja lina greni 7,000; kwa .308 napata risasi zisizozidi 160 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone kulungu mmoja anagharimu kiasi gani.

Mama_Amani:

Ada ile inatozwa kwa mzigo mzima mmoja, hata ukiwa na makopo kadhaa, ilimradi uzito usipite kiwango. Sisi kanisani tuliungana familia nne tukaagiza pamoja, na tukagawana ada. Fataki nazo zinaruhusiwa kuingia katika mzigo huohuo kwa wauzaji wengi.

Kulwa_Dallas:

Dada, umesema fataki! Mimi fataki za bunduki kubwa nimezitafuta kuliko nilivyomtafuta mke. Baruti ninayo, maganda ninayo, vichwa ninavyo, na vyote vimekaa kwenye meza vikinitazama kwa sababu ya kitu kidogo kama punje ya dengu. Duka moja waliniuzia za bastola wakaniambia zinaingia. Zinaingia ndiyo, lakini ni fupi na kikombe chake ni chembamba, wala hazikutengenezwa kwa shinikizo lile.

Mzee_wa_Katy:

Usiziweke hizo, Kulwa. Zirudishe, na wakikataa mpe mtu mwenye bastola ya .45. Mimi nitaingia katika oda ya fataki kama kuna mtu anayeisimamia. Nahitaji elfu mbili za bunduki kubwa, na kopo moja la N140 likipatikana.

Mama_Amani:

Nitaisimamia mimi. Nimempata muuzaji mwenye IMR 4064 na N140 leo, pamoja na fataki za bunduki kubwa, na mzigo utafikia kwangu Katy kwa sababu lazima mtu mzima awepo kuupokea. Andikeni mnachotaka kabla ya saa tatu usiku, kwani makopo ya 4064 yaliyobaki ni machache. Hadi sasa ninaye mzee, Kulwa na Fundi.

Mwindaji_wa_Brazos:

Watu sita, na mzee mwenye kofia ya kijani. Hakuna anayetaka kulisema hilo tena?

Mama_Amani:

Kaka, pole tena. Sema haraka, 4064 zimebaki mbili.

Mwindaji_wa_Brazos:

Niandikie kopo moja la IMR 4064 na fataki elfu moja. Vipimo vyake vya kuanzia ninavyo, vimo ukurasa wa kumi na nne wa daftari.