Mrejesho: saundibaa iliyokuwa ikiziba rimoti ya televisheni
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini televisheni yangu iliacha kuitikia rimoti tangu nilipoweka saundibaa (spika ndefu ya kuboresha sauti ya televisheni) mbele yake. Wengi mlinishauri nitafute kwanza kipokezi, yaani kijicho cha televisheni kinachopokea miale ya rimoti, nami nilipomulika tochi ukingo wa chini nilikiona kidoa cheusi katikati, sentimita nne tu juu ya meza, ilhali saundibaa ina kimo cha sentimita saba. Rimoti haikuwa na kosa, kwani nilipoielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu na kubonyeza, taa yake ilimetameta kwa rangi ya zambarau, ingawa mwanga huo hauonekani kwa macho matupu.

Nilijaribu kuishusha saundibaa kwenye rafu ya chini, lakini sauti ikawa kama inatoka mtungini. Basi nikamwendea fundi seremala hapa Ngamiani, akanichongea ubao mmoja wa mninga wa kuinulia televisheni, wenye unene wa sentimita tano, mpana kuliko miguu ya televisheni, tukaubandika mpira chini usiteleze. (Vile vipande viwili vya mbao mlivyopendekeza niweke chini ya miguu ya televisheni niliviogopa, maana nina watoto wanaocheza mpira sebuleni.)

Nikiwa kitini, rimoti inaitika mara moja. Nikijilaza mkekani bado inagoma, kwa kuwa saundibaa hukinga miale inayotoka chini, hivyo huunyanyua mkono kidogo. Sauti naiongoza kwa rimoti hiyohiyo, baada ya kuunganisha saundibaa na televisheni kwa waya wa HDMI (wa picha na sauti) kwenye tundu lililoandikwa ARC, linalopeleka sauti ya televisheni kwenye saundibaa, na kuwasha CEC, inayowezesha rimoti moja kuongoza vyote viwili, kwenye mipangilio.