Maoni ya pambizoni kwenye vitabu vya simu: Kindle, Play Books, KOReader au Zotero?

MwanaTasnifu
Habari zenu wadau. Naandika tasnifu ya uzamili, na vitabu vyangu karibu vyote viko kwenye simu na laptopu. Mwezi uliopita simu ilizimika, haikuwaka tena. Vitabu nimevipata upya, lakini maoni niliyoandika humo kwa miezi mitano yamekwenda yote, kwa sababu programu niliyokuwa nayo iliyaweka ndani ya simu tu. Nyinyi mnatumia nini, na maandishi yenu yanakaa wapi?

KalamuNyekundu
Pole sana, ndugu. Mimi ni mtu wa Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, mwaka wa sita sasa. Kila unapopigia mstari au kuandika neno, kifaa kinaweka nakala kwenye faili moja liitwalo My Clippings.txt. Unachomeka waya kwenye kompyuta, unalinakili, umemaliza. Ukifuta alama kitabuni, kwenye faili hilo inabaki. Hilo limeniokoa zaidi ya mara moja.

Kasoro yake: baadhi ya vitabu vya kununua vimewekewa kikomo cha kunakili. Ukikivuka, badala ya maneno uliyoyapigia mstari unakuta taarifa kwamba umefika kikomo. Kwa tasnifu hilo linauma.

BintiAmu
Natumia Google Play Books. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuhifadhi maoni kwenye Google Drive. Ukiiwasha, kila kitabu kinapata hati yake yenye dondoo na maoni. Simu ikiharibika leo, kesho unafungua akaunti kwenye simu nyingine unayakuta. Ila bando likikata, uliyoyaandika yanangoja simuni mpaka upate mtandao, kwa hiyo usikae siku nyingi bila kuunganisha.

Chuoni kwetu mwalimu aliandika hashia, yaani maoni ya pambizoni, kwa kalamu nyembamba pembeni mwa kitabu chake, na aliyekirithi kitabu alirithi na hashia. Mimi natamani wanangu wakute zangu pia.

FundiFaili
Dada BintiAmu, hapo umegusa jambo lenyewe. Kwa PDF, Xodo au Acrobat Reader huandika maoni ndani ya faili lenyewe. Ukimtumia mtu kitabu, umemtumia na hashia.

Kwa EPUB, yaani vitabu ambavyo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo, napenda programu ya KOReader. Ni ya bure, haitaki akaunti, na inafanya kazi kwenye Android na kwenye visomeo vya Kobo. Kwa kawaida maoni huyaweka kwenye folda yenye mwisho .sdr kando ya kitabu, hivyo ukihamisha kitabu kwa mkono beba na folda. Menyu zake zinachosha wiki ya kwanza, vumilia.

Lakini MwanaTasnifu, kwa kazi yako mimi ningekwenda Zotero, programu ya kutunza marejeo, bila kusita. Tangu toleo la 6, mwaka 2022, inafungua PDF humo humo, na toleo la 7 la 2024 likaongeza EPUB. Unapigia mstari, unaandika maoni, kisha unayageuza yote kuwa ukurasa mmoja wa madondoo, na kila dondoo la PDF lina mwandishi, mwaka na ukurasa wake. Nafasi ya bure ya mafaili mtandaoni ni MB 300, lakini maoni yenyewe hayahesabiwi humo.

Angalizo: Zotero haiandiki ndani ya PDF. Kabla ya kumtumia msimamizi, toa nakala yenye maoni, la sivyo atapokea kitabu kitupu.

KalamuNyekundu
Na kwenye EPUB usinukuu namba ya ukurasa unayoiona kwenye kioo. Ukikuza herufi, mara nyingi inabadilika.

MwanaTasnifu
Nimeshukuru sana. Jana usiku nimeingiza PDF tatu kwenye Zotero. Ukurasa wa 61 wa kitabu cha kwanza niliandika, "hapa anapingana na sura yake ya pili." Nikatoa nakala kama FundiFaili alivyosema, nikamtumia msimamizi. Asubuhi limerudi faili lile lile, na chini ya maoni yangu ameandika: "Kweli. Lakini takwimu hizi ni za wilaya gani?" Narudi kitabuni kutafuta.