Bajeti ya simu za ofisi za intaneti: nimeletewa kotesheni ya milioni 11.8, naombeni ushauri

MzigoKurasini:
Habari zenu wakuu. Wiki ijayo natakiwa kumpelekea bosi bajeti ya kuweka simu za intaneti ofisini na sitaki nimpelekee kitu cha kubahatisha. Sisi tunatoa mizigo bandarini, ofisi iko Kurasini watu 14, halafu tuna watu 3 Tunduma mpakani. Wateja wengi wako Lubumbashi na Ndola. Mpaka leo kila mtu anapiga kwa simu yake mwenyewe, ofisi inanunua vocha na mabando, mwezi uliopita nimekaa na risiti za vocha nikajumlisha nikapata laki 8 na 60.

Ila kinachoniuma kuliko hiyo hela, mwezi wa tatu kijana mmoja aliacha kazi akaondoka na namba yake, wateja wakawa wanampigia yeye karibu wiki tatu na sisi hatujui. Kuna kontena lilikaa bandarini likala storeji kwa sababu mwenye mzigo alituma maelekezo kwa mtu ambaye hayupo tena kwetu. Yule mzee alikuja mpaka ofisini kutoka Congo, sikuwa na la kumjibu.

Sasa kotesheni niliyoletewa ina simu za mezani 17, kisanduku cha PBX (kile kinachounganisha na kugawa simu za ofisi), leseni za mwaka za watumiaji 17 zinalipwa kwa dola, na ufungaji, jumla milioni 11.8. Intaneti yetu ni faiba ya Mbps 20. Bei iko sawa? Na hiyo faiba itatosha?

FundiWaya:
Mkuu kabla hujaenda mbali rudi kamuulize huyo jamaa kwanini kuna kisanduku cha PBX na hapohapo kuna leseni za watumiaji 17 kila mwaka. Kwa kawaida unachagua njia moja. Ama mfumo unakaa klaudi, yaani kwenye seva za kampuni nyingine huko intaneti, unalipia kila kichwa kila mwezi au mwaka, ama unanunua kifaa chako kinakaa ofisini. Vifaa vingi vya ofisi ndogo kama vile vya Grandstream havina leseni ya kila mtumiaji kwa kazi za kawaida, na ukitaka bure kabisa kuna programu ya PBX inaitwa Asterisk, ipo tangu 1999, inakaa kwenye kompyuta yoyote iliyotulia, ila hapo uwe na fundi anayeijua maana ikisumbua hakuna wa kumpigia. Na hiyo 11.8 angalia kama VAT ipo ndani. Kama haipo basi ni milioni 13.9 na bosi atakuuliza hiyo milioni 2 na ushee imetoka wapi.

Kuhusu faiba usiogope. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ile ya sauti safi, inakula kama kbps 87 kwenda na 87 kurudi. Watu 6 wakiongea kwa wakati mmoja ni nusu Mbps na kidogo, kwahiyo 20 ni nyingi mno. Kinachoharibu simu ni pale mtu anapopandisha mafaili makubwa au kamera zinatuma picha nje wakati mwenzake anaongea na mteja, sauti inaanza kukatikakatika. Kwenye ruta simu zipewe kipaumbele, fundi mzuri anaweka hiyo kitu kwa dakika kumi.

Halafu kosa ambalo nimeliona kila ofisi niliyofunga, watu wanahesabu wafanyakazi. Hesabu wanaoongea kwa pamoja! Tranki ya SIP, yaani njia ya intaneti inayounganisha mfumo wenu na namba za kawaida za nje, unaichukua kwa kampuni ya simu na inauzwa kwa chaneli, na chaneli moja ni simu moja inayoongea muda huo. Watu 17 hawawezi kuongea nje wote kwa pamoja hata siku moja. Chukua daftari, wiki nzima kila mtu aandike saa aliyopiga na saa aliyokata, utaona mwenyewe.

MamaLeja:
Naongezea kama mhasibu niliyepitia haya kwenye kampuni yetu. Tenganisha hela ya mara moja na hela ya kila mwezi, ziwe kurasa mbili tofauti, maana ukizichanganya bosi anaona namba kubwa anakataa yote. Chochote kinacholipwa kwa dola kiwekee nafasi, bei ya dola ikipanda bajeti yako inapasuka katikati ya mwaka.

Pia mdogo wangu usimuahidi bosi kwamba Lubumbashi itakuwa bure. Bure ni kati ya Kurasini na Tunduma kwa sababu wote wako kwenye mfumo wenu. Ukipiga namba ya kawaida ya Congo unalipa kwa dakika kupitia tranki, kwahiyo omba bei ya dakika kwa +243 (Congo) na +260 (Zambia) kwa maandishi kutoka kampuni mbili tatu ulinganishe na hiyo laki 8 na 60.

Na hili naomba ulisome vizuri, maana sisi lilituumiza. Aliyetufungia aliacha mfumo wazi kwa mtu yeyote kwenye intaneti, ekstensheni (namba ya ndani ya simu) 100 na nenosiri lake 100. Wezi wanapekua port 5060, mlango wa kawaida wa simu za intaneti, dunia nzima usiku na mchana wanatafuta hivyohivyo. Ijumaa tumefunga ofisi, Jumatatu tunarudi tunakuta simu mamia zimepigwa nchi ambazo hatuna hata mteja mmoja, na bili ni yetu. Tuliilipa kwa miezi minne. Kwahiyo tranki iwe ya kulipia kabla, nchi zote zifungwe uache zile mnazofanya nazo biashara, na kwenye mkataba wa ufungaji iandikwe kabisa kwamba manenosiri marefu ni kazi ya fundi.

BaharindaMsa:
Niko Mombasa, kazi yetu ni hii hii ya mizigo. Sisi tulikuwa na simu za klaudi na seva yao ilikuwa Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata kumpigia mwenzako chumba cha pili ikawa haiwezekani, kwa sababu simu yatoka hapa yaenda Ulaya yarudi hapa. Tangu hapo tumeweka kifaa ndani ya ofisi, intaneti ikifa simu za ndani zaendelea, na tuna ruta ya 4G ya laini nyingine kama akiba.

Umeme je? Sijaona UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, kwenye kotesheni yako. Simu za mezani zapata umeme kwa waya wa mtandao kutoka kwa swichi ya PoE, kwahiyo swichi ikizimika zote zimezimika. PBX, swichi, ruta na simu chache ni kama wati 60. Betri ya 12V ya 100Ah yabeba wati-saa 1,200, tumia nusu ili isife mapema, wabaki na saa kama nane baada ya upotevu wa inveta. Siku nzima ya kazi hiyo.

Watu wa Tunduma usiwanunulie simu za mezani, wapo uwanjani na malori. Waweke app kwenye simu zao na hedseti nzuri.

FundiWaya:
Hapo kwa BaharindaMsa nakubaliana kabisa. Na kwa lile la kijana aliyeondoka na wateja, namba ya ofisi unaweza kuisajili WhatsApp Business hata kama ni ya mezani, wanathibitisha kwa kukupigia wanataja namba ya uthibitisho. Ila siku hiyo zima ile sauti ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", simu ipokelewe na mtu, la sivyo namba hiyo inasomewa mashine. Wacongo wanapenda kutuma sauti na picha za nyaraka, sasa zitakuja kwenye namba ambayo hakuna mtu anaondoka nayo.

MzigoKurasini:
Wakuu nimerudi, asanteni sana tena sana. Daftari tumeandika siku tano. Waliowahi kuongea kwa pamoja wengi zaidi ni 5, saa nne asubuhi Jumanne. Kwahiyo naomba chaneli 6.

Yule jamaa nilipomuuliza leseni ni za nini alisema atanirudia, hajarudi. Nimezunguka Kariakoo mwenyewe: simu 6 za mezani tu, PBX isiyo na leseni, swichi ya PoE ya port 8, UPS, hedseti 5, waya na fundi, imekuja milioni 4.11, na VAT ya 18% inakuwa 4.85. Waliobaki wote app. Ukurasa wa pili nimeweka tranki, laini ya 4G ya akiba na fundi wa kuja kila miezi mitatu. Betri ya 100Ah nimeiweka pembeni kama ombi la awamu ya pili.

Bado kitu kimoja: namba ya mezani nichukue moja au mapokezi iwe na yake na watu wa nyaraka wawe na yao? Bosi anataka jibu Alhamisi.

MamaLeja:
Anza na moja. Hiyo ndiyo uiandike kwenye ankara, kadi na milango ya magari, na yule mzee wa Congo mpigie kwa namba hiyo uwe wa kwanza kumpa.