Alteneta ya IST: used ya Japani, mpya ya kwenye boksi, au nifufue ya zamani?

Kibatari_Uyole: Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST injini 1NZ, alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwa inazunguka) iliyokuja na gari ilikufa mwezi wa tatu nikafungiwa mpya ya kwenye boksi, laki na nusu. Juzi natoka Iringa usiku, Makambako nimepita freshi, kukaribia Igawa taa ya betri ikawaka, nikajipa moyo nitafika, nikazima hita, nikazima redio, taa za mbele zikaanza kuwa njano kama kibatari, kufika Chimala gari kimya. Nimelala humo humo nimejifunika khanga ya wife na baridi mnaijua wenyewe. Dukani wanasema vitu vya umeme havina waranti. Sasa nichukue ipi isiniue tena njiani?

Fundi_Waya: Pole sana kaka. Ile uliyoitoa iko wapi? Maana watu mnatupa alteneta orijino ya kampuni ya Denso kwa sababu ya kaboni tu, vile vipande vidogo vya ndani vinavyosuguana kupitisha umeme. Kinachokufa mara nyingi ni kaboni zimeisha, regyuleta (inayodhibiti volti za chaji), au beringi inalia, na vyote vinabadilishwa, koili ikiwa haijaungua hiyo ni bora kuliko boksi lolote lenye jina la kubandika. Ila kabla ya kufunga chochote angalia tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) kama inavuja oili ikadondokea alteneta, angalia belti na waya wa ethi (unaoenda kwenye bodi), la sivyo hata ya tatu itakufa.

Mwanjelwa_Boy: Mi nipo upande wa used ya Japani ila uwe na macho. Nenda na ya kwako mkononi, linganisha namba inayoanza na 27060, pini za soketi, ampia, na mifereji ya puli. Izungushe kwa mkono sikilizia, ikikwaruza kama mchanga rudisha. Na mwambie muuzaji aipime mbele yako, akianza stori nyingi ondoka

mama_Tukuyu: Fundi wangu yeye akishafunga anachomoa teminali ya betri gari ikiwa inaunguruma, isipozima anasema alteneta nzima. Ni sahihi?

Fundi_Waya: Dada yangu mkataze leo leo! Umeme unaruka ghafla, unaweza kuunguza kontrol boksi (kompyuta ya gari) na hiyo alteneta yenyewe. Mita ya kupima volti tu inatosha. Gari imezimwa betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ukiwasha ipande 13.8 mpaka 14.5, halafu washa taa kubwa na hita uone inashuka wapi, ikija chini ya 13 hapo hakuna chaji, ikipita 15 regyuleta imekufa itachemsha betri. Na wewe wa Chimala, betri ilivyoisha chaji hivyo ipeleke ikachajiwe kwanza, usiibebeshe alteneta mzigo huo siku ya kwanza.

Kibatari_Uyole: Nimecheka kwa uchungu, ile ya zamani fundi alibaki nayo akasema ni skrepa, nikamwachia na elfu tano ya soda juu.

Mwanjelwa_Boy: Hahaha hiyo saa hizi inachaji gari ya mtu Tunduma

Kibatari_Uyole: Mrejesho wakuu. Kumfuata kweli iko chini ya benchi, kaboni zimebaki kama punje ya mchele. Tumeweka kaboni na beringi mpya, nimesimama mwenyewe na mita, taa zote na hita vimewaka inasoma 14.1. Tapeti kava ilikuwa inavuja kweli, gasketi nabadilisha Jumamosi. Elfu tano yangu ya soda amegoma kurudisha.