Mjadala: Madini yamegunduliwa lakini hayachimbwi. Eneo ashike nani?

Mleta mada (Nachingwea)

Wanakusini, habari za muda huu. Kampuni ikigundua madini, kisha ikasema kwa bei ya sasa hayalipi, iruhusiwe kuendelea kushika eneo?

Kwa ambao hawakufuatilia: nikeli ya kilima cha Ntaka, hapa kwetu, ilikuwa chini ya leseni hodhi ya mwaka 2015. Sheria ya Madini ya 2010 iliruhusu mgunduzi asubiri hadi miaka 5 hali ya soko ibadilike. Sheria ikarekebishwa 2017, na Januari 2018 kanuni zikafuta leseni hodhi zote. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Julai 2023 wakashinda zaidi ya dola milioni 109, na 2024 Serikali ikakubaliana nao walipwe dola milioni 90.

Msimamo wangu: kuhodhi lazima kuwe na mwisho, ila mwisho huo mwekezaji aujue siku anayokabidhiwa leseni. Tulikuwa na haki ya kuweka ukomo. Namna tulivyouweka ndiyo iliyotugharimu, na inauma, maana fedha hizo zingefanya mengi huku.

Wanaosema kampuni "zinajifanya zinatafiti" watazame Mpanda, kwenye risasi na madini ya fedha. Pale ni mishipa: maji ya moto yalipita kwenye nyufa za miamba zamani mno, yakaacha galena, lile jiwe zito la risasi linalong'aa, na fedha imo humo humo ndani ya galena. Mshipa wa namna hiyo huwa mnene hapa, mbele kidogo umebana ukawa kama uzi. Wenzetu wa maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) ya Namungo wanaijua tabia hiyo kwenye dhahabu. Zinki inasumbua zaidi. Maji ya mvua huiyeyusha na kuiondoa kwenye jiwe la juu lililooza, risasi ikabaki, kwa hiyo ukipima jiwe la juu tu utadhani zinki haipo kabisa. Jibu liko chini ya tabaka lililooza, na huko hufiki bila kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine kupata sampuli, shimo baada ya shimo, na mengine yanatoka matupu.

Ntaka si mshipa wa namna hiyo, nikeli yake ilikuja na mwamba ulioyeyuka kutoka chini sana. Lakini gharama ya kujua kilichopo ni ile ile ya kuchoronga.

Halafu kuna usafiri. Mpanda walijengewa reli kutoka Kaliua. Mgodi ulifungwa 1960 lakini reli ikabaki. Yetu ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, iling'olewa. Mzigo wa Ntaka ungeshuka bandarini kwa lori, na hiyo nayo inaingia kwenye hesabu ya "hailipi".

Mchangiaji (Masasi)

Kaka, unawatetea mabeberu. Kwenye mikorosho ya bibi yangu walipita watu wakachoronga, wakaacha bomba la plastiki limesimikwa kwenye zege, namba imechorwa kwa msumari. Wamekuta nini? Hatujui. Bibi anaogopa kupanda miche mipya, hajui kama atahamishwa. Hiyo miaka 5 ya kusubiri bei, mche aliouacha ungekuwa mkorosho unaozaa.

Mchangiaji (Lindi mjini)

Naunga mkono kufuta. Mrabaha (sehemu ya thamani ya madini inayolipwa Serikali) wa 6%, ada ya ukaguzi 1%, hisa 16% za Serikali: vyote hivyo vinatoka kwenye mgodi unaofanya kazi. Kilima kilichokaa tu hakitupi hata senti. Apewe mwingine.

Mleta mada

Ndugu wa Lindi, huyo mwingine atakuta mwamba ule ule, bei ile ile ya dunia na barabara ile ile. Kubadili jina kwenye leseni hakuongezi nikeli.

Ndugu wa Masasi, la bibi ni zito kuliko yote niliyoandika, na kufuta leseni peke yake hakulitibu. Leseni ikifutwa, bomba linabaki na bibi bado hajaambiwa kitu. Leseni ya utafutaji tayari ina ukomo: miaka 4, kisha 3, kisha 2, na eneo linapunguzwa kila inapohuishwa. Taarifa za uchorongaji hupelekwa Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma. Kwa nini zisipite kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Kabla ya kuhuisha, kampuni isimame mbele ya watu iseme imechoronga wapi, kina gani, imekuta nini, na mashamba ya nani imeyaachia. Bibi angejua msimu huo huo kama apande au asipande.

Hilo ndilo ningependa wabunge wetu walibebe kabla ya kubishana leseni irudi au isirudi. Kuna kijiji chochote huku, kuanzia Ruangwa hadi Tandahimba, ambako kampuni iliwahi kusoma matokeo mkutanoni? Taja kijiji, tujue inawezekana.