Juri ikikwama, mwendesha mashtaka aruhusiwe kurudi mara ngapi?

Wakuu salama? Jana usiku tumebishana na shemeji mpaka chai ikapoa, nikaona niulete huku tuusukume wote. Shemeji anasema juri ikishindwa kukubaliana mshtakiwa aachiwe akalale kwake, serikali imepewa nafasi yake ikaichezea. Mimi nilikuwa upande wake nusu nusu, ila kuna kesi mbili za Mississippi zinanivuruga kichwa.

Kwa wageni wa hizi mambo, Marekani kwenye kesi kubwa mwenye kusema una hatia au huna kwa kawaida ni raia kumi na wawili, sio kama wazee wetu wa baraza ambao jaji anawasikiliza kisha anaamua anavyoona yeye. Wale wote lazima wawe kauli moja, akigoma mmoja juri imekwama, wanarudi makwao na mshtakiwa anabaki katikati, hajashinda hajashindwa. Mahakama ya Juu yao ilisema tangu 1824 kwenye kesi ya Perez kwamba hapo serikali inaweza kuanza upya. Mara ngapi? Hiyo haikusema, na ndio kilio chote.

Kesi ya kwanza ni ya Curtis Flowers. 1996 watu wanne walipigwa risasi ndani ya duka la fanicha kwenye kamji kanaitwa Winona, akakamatwa huyu jamaa, mweusi, alikuwa amefanya kazi pale siku chache tu. Akashtakiwa mara sita, mara SITA wakuu, na mwendesha mashtaka ni yuleyule Doug Evans. Mara tatu za mwanzo alitiwa hatiani na zote mahakama ya jimbo ikazifuta kwa makosa ya huyo huyo Evans. 2007 juri ikakwama, 2008 ikakwama tena, 2010 hatiani, akahukumiwa kifo.

Sasa hesabuni weusi waliokaa kwenye juri. Ya nne watano, ikakwama. Ya tano watatu, ikakwama. Ya sita alibaki mmoja, ikapita! Ushahidi kwa sehemu kubwa ulikuwa uleule, kilichobadilika ni sura za waliokaa kusikiliza. Kule kuchagua juri kila upande una haki ya kukataa baadhi ya watu, na ile ya sita weusi watano aliowakataa Evans waliulizwa na upande wake maswali 145, weupe kumi na mmoja waliokaa waliulizwa 12, jumla yao wote! Hiyo namba ndio iliyonimaliza. Mtu mmoja unamhoji kama uhamiaji, mwenzake unamwambia karibu kiti. Mahakama ya Juu ikafuta 2019, mwaka uliofuata kesi ikafutwa kabisa, jamaa kashakaa ndani karibu miaka 23.

Kwa hiyo shemeji yuko sahihi? Ngoja kwanza. Mississippi hiyohiyo, Juni 1963, Medgar Evers wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alipigwa risasi usiku akishuka kwenye gari nje ya nyumba yake Jackson. Akashtakiwa Byron De La Beckwith, mzungu mbaguzi, 1964 juri mbili za wanaume weupe watupu zikakwama zote. Kwa kanuni ya shemeji ingeishia pale, mzee angezeeka anatamba. Na kweli alikuwa anatamba, ndio kilichomponza, maana 1994 walitokea mashahidi wapya wakasema walimsikia kwa mdomo wake akijisifia. Akafungwa maisha, akafia kifungoni 2001.

Mimi naona kuhesabu mara ngapi hakutusaidii. Muulize huyu mwendesha mashtaka, safari hii umerudi na nini mkononi? Una shahidi mpya, au ile juri ilichafuka, mjumbe katishwa, kahongwa? Rudi. Huna kitu, unatafuta tu watu kumi na wawili wengine wa kukusikiliza? Baki nyumbani. Uingereza wana desturi kwamba juri mbili zikishindwa, kwa kawaida hawaombi ya tatu, na sijaona nchi imebomoka.

Tusijifanye hayatuhusu. Juri hatuna, lakini mtu anafutiwa kesi na DPP (mkurugenzi wa mashtaka) anakamatwa tena palepale mlangoni kabla hajamkumbatia mama yake, tunakujua huko. Na wanasheria humu wanaijua Fatehali Manji ya 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikataa kesi kuanza upya ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.

NYONGEZA: kuna mdau kanibana kwamba najipinga, shahidi mpya si ndio kuziba pengo lenyewe? Sawa, ila Manji inahusu mtu aliyeshatiwa hatiani na hukumu ikafutwa kwenye rufaa, huku kwa juri iliyokwama hakuna hukumu yoyote. Nakiri lakini mstari unaotenganisha hayo mawili ni mwembamba.

Shemeji naye kapiga simu asubuhi, anasema mbona juri ya Beckwith ya 1994 ilikuwa na weusi wanane, si nao walibadilisha sura? Nimemwambia 1964 weusi walifungiwa nje, 1994 mlango ulikuwa umefunguliwa, Evans yeye alikuwa anaurudishia kidogo kidogo. Kasema hayo ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Haya, nyie mnasemaje?