Mjadala: Mwenye mizani akiibadili usiku, serikali imdai maelezo?

Mleta mada, Buguruni
Wakuu, habari za jioni. Naleta hili bila jazba, ingawa jazba ninayo.

Nina kitovuti cha bei za vifaa vya ujenzi. Kila Jumatatu nazunguka Buguruni na Kariakoo na daftari: saruji, nondo, misumari, mabati ya geji 28 na 30. Jioni napandisha. Miaka mitatu mtu akitafuta "bei ya mabati Dar" kwenye Google alikuwa ananikuta juu. Sasa niko ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ni fremu ya nyuma ya choo cha soko, mteja hafiki. Aliyenipita ana bei za mwaka juzi, na picha ya nyumba yenye bomba la moshi. Bomba la moshi, Dar hii!

Wenye injini za utafutaji, ndio wenye mizani ninaowasema, wanabadili algorithimu, yaani hesabu za kompyuta zinazopanga nani awe juu, wanavyotaka. Google walileta badiliko waliloliita Panda Februari 2011, na jingine, Penguin, Aprili 2012. Aprili 2015 wakaanza kupendelea tovuti zinazosomeka vizuri kwenye simu, na hiyo walau waliitangaza miezi miwili kabla. Badiliko la Machi 2024 lilichukua siku 45 kumalizika. Je, TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, au Tume ya Ushindani iwalazimishe kutoa notisi na sababu? Mimi nasema ndiyo. Hata kodi ya fremu haipandi bila notisi.

Sinza
Pole mkuu, ila hapana. Hiyo fremu si yako na hulipii kodi.

Panda ilishusha makala nyepesi na za kunakili. Penguin iliwakamata wanunuzi wa linki, wale wanaolipa ili tovuti nyingine zielekeze kwao waonekane maarufu. Ukitangaza kila kitu mapema, wa kwanza kulisoma tangazo ni tapeli. Najua, maana nilishawahi kumlipa mmoja. Fundi wa "kukurankisha", laki tatu na nusu, aliniahidi linki mia tano. Zikaja kweli: za kamari, za vidonge vya kupunguza tumbo, nyingine za lugha ambayo hadi leo sijaijua. Mimi nauza vipuri vya friji. Wiki mbili nikapanda, ya tatu nikapotea kabisa, na fundi hapokei simu. Laki tatu na nusu hiyo ingeninunulia kompresa.

Halafu tofautisha. Adhabu iliyotolewa na mtu kwa mkono unaletewa taarifa kwenye Search Console, ule ukurasa wa Google wa wenye tovuti. Algorithimu ikikushusha huletewi kitu, kwa sababu si lazima uwe umekosa, ila wengine wamepimwa upya wakaonekana bora.

Mleta mada
Bora kwa kipimo gani? Bomba la moshi?

Posta
Nashinda kwenye mambo ya sheria, ila hapa naongea kama msomaji tu. Mmechanganya mawili.

Kwanza ni uwazi. Ulaya wana Kanuni ya 2019/1150, imeanza kutumika Julai 2020. Inaitaka injini ya utafutaji ieleze vigezo vikuu vya kupanga matokeo na uzito wa kila kimoja kulinganisha na vingine. Hailazimishwi kufichua algorithimu yenyewe, wala kitu kitakachompa mjanja mwanya. Kwa hiyo hofu ya Sinza wenzetu waliiona, wakapita katikati.

Pili ni upendeleo. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuitanguliza huduma yake ya kulinganisha bei na kuwasukuma wapinzani chini. Walikata rufaa mpaka mahakama ya juu ya Umoja, wakashindwa Septemba 2024. Mwezi mmoja nyuma, Jaji Amit Mehta kule Washington alikuwa ameamua kwamba Google imeulinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Hayo ni mambo ya soko. Mleta mada, kushuka kwako hakumo humo. Ila hilo la kwanza tunaweza kuliiga.

Tabata
Tukiiga, nani atafuatilia? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilianza na nani? Na wanablogu wa hapahapa, leseni na ada juu. Mkimwita mdhibiti atagonga mlango wa Buguruni, California nauli hana.

Mbezi
Kaka zangu, hakuna aliyetaja Kiswahili. Mimi naandika mapishi. Juzi nimetafuta mkate wa kumimina, wa juu kabisa ni tafsiri ya mashine: unga wa ngano, siagi, oveni nyuzi 350. Mchele wa kuloweka haumo, tui halimo, hiliki ndiyo usiulize. Ukifuata utapata keki, tena ya kuungua, maana hizo nyuzi ni za Kimarekani na oveni zetu zinasoma selsiasi.

Na Machi 2024 hiyohiyo Google walitangaza sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda tu, ziwe za mashine au za mkono. Sera haina ubaya. Mimi nikimdai mtu kitu sidai notisi, nadai nijue nani anaonja hicho Kiswahili kabla hakijapandishwa juu.

Mleta mada
Dada, hapo nimekuelewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Notisi naiacha. Vigezo viandikwe, na viandikwe kwa lugha ninayoandikia bei zangu. Hilo siliachi, na la Tabata kuhusu mlango nimelisikia.

Sinza
Mkuu, usinichukie. Nimeingia kwenye tovuti yako sasa hivi. Ukurasa wa mabati tarehe iko wapi?

Mleta mada
Chini kabisa.

Sinza
Chini ya matangazo manne. Nimeshuka mpaka kidole kimechoka. Hata mimi ningemfuata wa bomba la moshi.

Mleta mada
Naihamishia juu leo. Matangazo tutaongea.

Tabata
Wakati mnabishana, geji 30 imeamkia ngapi? Fundi yuko juu ya paa ananiangalia.

Mleta mada
Ya mita tatu? Subiri nichukue daftari.